Kamanda wa Ziwa Tanganyika

Wadau, nikiwa TP huko Tarime dogo mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza: "Mwalimu, hivi vita ya kwanza ya dunia ilifika mpaka ziwani?" Ilifika bwana, tena na vituko vyake.

Geoffrey Spicer-Simson aliingia jeshi la majini la Uingereza mwaka 1890, na hakuwa na bahati. Novemba 1914 meli ya kikosi chake, Niger, ilizamishwa na nyambizi ya Wajerumani huku yeye yuko nchi kavu, hotelini! Mwaka 1915 wakamtuma Ziwa Tanganyika na boti mbili ndogo, Mimi na Toutou. Kutoka Cape Town zilipanda treni, halafu zikaburutwa milimani Kongo kwa matrekta ya mvuke, ng'ombe na mikono ya Waafrika waliofyeka njia na kujenga madaraja. Hao nimewatafuta vitabuni, majina siyaoni.

Tarehe 26 Desemba 1915 akaiteka Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 akaizamisha Hedwig von Wissmann. Akatunukiwa nishani ya DSO. Ila ilipotokea Graf von Götzen, meli kubwa kweli kweli, jamaa hakutoka bandarini. Juni Wajerumani wa Kasanga wakamtoroka kwa majahazi. Kikosi hakupewa tena, akafa Kanada mwaka 1947.

Götzen Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916. Waingereza wakaiibua 1924, ndiyo MV Liemba.

Dogo hakuridhika: "Na waliovuta boti walipewa nishani gani?" Kengele ikagonga.