FED: Kamera ya Mayatima wa Kharkiv

Kamera kuukuu hainunuliwi kwa jina lililoandikwa juu yake. Mnunuzi mjuzi akipewa kamera ndogo ya chuma yenye jina la Leica, huifungua lenzi kwa kuizungusha na kuchungulia ndani. Katika Leica ya kweli atakiona kigurudumu kidogo kinachoigusa lenzi na kupeleka kipimo cha umbali. Akikuta mahali pake kipande cha chuma kilichochongwa mfano wa kabari, basi alichokishika hakikutoka Wetzlar, Ujerumani. Huenda kimetoka Kharkiv, nchini Ukraine, na jina lake la asili ni FED.

Leica iliyobuniwa na Oskar Barnack iliingia sokoni 1925, ikitumia filamu ya sinema ya milimita 35, na mpiga picha makini aliweza kuitia kamera yake mfukoni. Leica II ilifuata 1932. Ndiyo iliyoigwa Kharkiv, na walioiiga hawakuwa mafundi wa ukoo wa mafundi, bali vijana waliookotwa barabarani.

Vita vya dunia, vita vya wenyewe kwa wenyewe na njaa ya 1921 vilikuwa vimewaacha mamilioni ya watoto wa Kisovieti bila wazazi. Mwishoni mwa 1927 palifunguliwa Kharkiv makao ya kazi na masomo kwa watoto wa namna hiyo, chini ya mwalimu Anton Makarenko. Huyu ndiye aliyetoa, kati ya 1933 na 1935, kitabu mashuhuri alichokiita shairi la malezi, ilhali ni nathari tupu. Wapenzi wa ushairi watamsamehe. Vijana wake walisoma na kufanya kazi siku hiyo hiyo. Walianza na useremala na ushonaji, wakaingia katika keekee za umeme, kisha, kuanzia 1934, wakatengeneza kamera kwa wingi.

Jina ni herufi za mwanzo za Feliks Edmundovich Dzerzhinsky, mkuu wa kwanza wa polisi wa siri wa Kisovieti, aliyefariki 1926. Mtu huyo huyo ndiye aliyepewa 1921 kuongoza tume ya kuwaokoa watoto wasio na makao. Juu ya kamera za mwanzo yalichorwa jina lake na la makao ya kazi, na baadhi zikaongezewa herufi za NKVD, idara iliyokuja kutisha nchi nzima. Hivyo mkono wa mtoto aliyeokolewa na jina la dola iliyofunga na kuua vimekaa juu ya bamba moja la chuma. Ni vigumu kuvitenganisha, wala haifai.

Zaidi ya 150,000 zilikuwa zimetengenezwa vita vilipofika Kharkiv 1941 na mitambo kuhamishiwa Berdsk, Siberia. Baada ya vita ndugu yake, Zorki, alianza kutoka Krasnogorsk 1948.

Dola ya Kisovieti ilipovunjika 1991, kamera hizi zilimwagika masokoni Ulaya kwa bei ya chini. Hapo ndipo walaghai walipopata riziki. Walikwangua maandishi ya Kharkiv, wakachora Leica, wakapaka rangi ya dhahabu, wakabandika ngozi ya nyoka au nembo za jeshi la Hitler. Mnunuzi aliibiwa fedha; vijana wale waliibiwa kazi yao.

Anayetaka kupiga picha, si kupamba kabati, na aimulike kwanza pazia ya kitambaa iliyo ndani: kitundu cha sindano hutosha kutia doa jeupe katika kila picha. Aitazame lenzi kama ina kuvu, adui anayefahamika vyema mwambao kwa unyevu wetu. Filamu huingizwa kwa chini, na ncha yake sharti ikatwe ndefu kwa mkasi, la sivyo hukwama. Kwa zile za kabla ya vita, lenzi ilirekebishwa pamoja na mwili wake. Ikihamishiwa kamera nyingine huweza kutoa picha zenye ukungu.

Siku hizi wakusanyaji wanazitafuta FED za mwanzo kwa jina lake lenyewe, hasa zenye nambari ndogo. Zilizokwanguliwa haziwezi kurudishiwa maandishi yake.