Eutelsat Konnect: Setilaiti Inayoleta Intaneti Vijijini

Eutelsat Konnect ni setilaiti ya mawasiliano ya Eutelsat, kampuni ya Ufaransa. Ilirushwa tarehe 16 Januari 2020 kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa, kwa roketi ya Ariane 5, ikaanza kazi mwishoni mwa mwaka huo. Inahudumia nchi nyingi za Afrika na sehemu ya Ulaya ya Magharibi. Kongo yetu ni mojawapo ya nchi za kwanza za Afrika kupata huduma hiyo.

Setilaiti hii iko juu ya ikweta, umbali wa kilometa 36,000 hivi. Kwa kuwa inazunguka sawasawa na dunia, ukiwa chini utaiona kama imesimama mahali pamoja, juu ya bahari karibu na kisiwa cha São Tomé. Ndiyo maana antena inayofungwa mashariki mwa Kongo huelekezwa magharibi, na ikishakazwa vizuri haihitaji kugeuzwa tena.

Faida yake ni kwamba kijiji kisicho na mnara wa simu wala barabara nzuri kinaweza kupata intaneti. Kinachohitajika ni antena, modemu na umeme. Paneli ya jua na betri vyatosha. Muuguzi anaweza kumwuliza daktari wa mjini kabla ya kumsafirisha mgonjwa. Mwalimu anaweza kupata masomo. Na habari ya vita inayovuma sokoni inaweza kuchunguzwa kabla watu hawajakimbia nyumba zao.

Lakini kuna mipaka. Mvua kubwa hudhoofisha mawimbi, na mti ulio mbele ya antena huyazuia. Safari ya kwenda juu na kurudi huchelewesha mazungumzo kwa muda mfupi. Uwezo wote wa setilaiti, gigabiti 75 kwa sekunde, hugawanywa kati ya watumiaji wa nchi zote.

Tena, kununua antena ni mwanzo tu. Kila mwezi kuna malipo, na betri huchoka. Antena moja iliyowekwa shuleni, kanisani au kwenye kituo cha afya inaweza kuwafaa watu wengi, iwapo wamepatana mapema nani atailinda, nani atakusanya mchango, na nani atatunza hesabu. Pasipo mapatano hayo, setilaiti itaendelea kutuma mawimbi yake, na kijiji kitabaki kimya kama zamani.