Lango la Hatua

Februari 2023 MV Mwanza iliposhushwa majini kutoka kwenye chelezo cha Bandari ya Mwanza Kusini, wengi waliona sherehe. Mafundi waliona kitu kingine. Meli ikishaelea, maungio ya kuchomelea ya tumbo lake, usukani na ekseli ya pangaboi havifikiki tena kirahisi. Kasoro iliyopita hapo itadai meli nzima ipandishwe upya.

Mahali kama hapo ndipo panapoitwa lango la hatua: kazi inasimama, asiyeifanya anakagua ushahidi, kisha mwenye mamlaka anatoa jibu, ama endelea, ama endelea kwa masharti, ama rudi ukarekebishe. Mfumo huu aliueneza Robert Cooper wa Canada katika miaka ya 1980, akiwa na bidhaa mpya za viwandani akilini. Ujenzi una malango yake ya siku nyingi. Kwa daraja kama la Kigongo–Busisi, shimo la nguzo hupimwa kina na usafi kabla zege halijamwagwa, maana baada ya hapo hakuna atakayeliona tena.

Wapo wanaosema “kituo cha ukaguzi”. Sikipendi. Kituoni watu husalimiana na kupita. Lango huwa limefungwa mpaka mtu alifungue. Wala asilimia za kazi iliyokamilika hazitoshi, ingawa maofisa wetu wanazipenda mno kwenye taarifa. Mradi unaweza kufika asilimia 95 huku lango zito kuliko yote bado liko mbele.

Kwa meli ya abiria, lango hilo ni jaribio la kuinamisha. Kamba za gatini hulegezwa, na upepo wa ziwa ukizidi kazi huahirishwa. Vyuma vya uzito unaojulikana husogezwa kutoka ubavu mmoja wa sitaha hadi mwingine. Ndani, timazi refu linaning'inia, bildi yake imezama kwenye ndoo ya mafuta isichezecheze, na mtu ameinamia rula anasoma milimita. Kutokana na milimita hizo hukokotolewa kimo cha kitovu cha uzito, na ndipo hujulikana kama meli ikilala ubavu itainuka. Mji uliopokea maiti za ajali ya kuzama kwa meli ya MV Bukoba, Mei 1996, hauhitaji kuelezwa kwa nini hesabu hiyo haifanywi na mkandarasi peke yake.

Jibu la katikati ndilo linalosumbua. “Endelea kwa masharti” huonekana la busara, hakuna anayekosana na mtu, na hati ya malipo hutiwa saini. Lakini sharti lisiloandikwa jina la mhusika na tarehe ya mwisho huhamia tu kwenye orodha ya lango linalofuata, kisha la tatu, hadi siku ya makabidhiano. Hapo mkandarasi ameshavunja kambi, na kilichobaki mkononi ni fedha za dhamana zilizozuiliwa kwa kipindi cha uangalizi.