Lakiri ya Berengaria

Mwezi Juni 1923 meli mbili za Uingereza, Berengaria na Baltic, ziliingia bandari ya New York zikiwa na stoo ambazo hakuna mhudumu aliyeruhusiwa kuzigusa. Milango yake ilikuwa imepigwa lakiri ya forodha ya Uingereza. Ndani mlikuwa na pombe ya safari ya kurudi, ambayo abiria wangeikuta mezani mara pwani ya Marekani ikishapotea nyuma yao. Maofisa wa Marekani walipanda melini, wakaivunja lakiri, wakafungua milango na kuhesabu chupa. Pombe iliyokubalika kuwa dawa, iliyokuwa chini ya daktari wa meli, waliiacha. Iliyosalia waliichukua.

Lakiri ni nta tu iliyoyeyushwa na kugongwa muhuri. Lakini muhuri ni neno la serikali, na kuuvunja mbele ya nahodha wa nchi nyingine ni sawa na kumwambia kwamba neno la serikali yake halina uzito hapa. Ndiyo maana mambo haya yalifika hadi kwa mabalozi na mawaziri. Na ndiyo maana ninaianzia hapa habari ya jambo linaloonekana dogo sana: abiria anayeingia melini na chupa yake mwenyewe, kaifunga katikati ya nguo asiijue mtu. Wengi humwona kama bahili, au mlevi asiyeweza kusubiri. Mimi naona chupa ile ina ukoo mrefu, na katika ukoo huo limo swali zito ambalo mataifa yaligombania: meli ikishang'oa nanga, iko chini ya amri ya nani?

Marekani ilipiga marufuku pombe kwa Marekebisho ya 18 ya Katiba, yaliyoanza kutumika tarehe 17 Januari 1920. Sheria ya kuyatekeleza, iliyojulikana kwa jina la mbunge Volstead, ilikataza kutengeneza, kuuza na kusafirisha kinywaji chochote chenye kilevi cha zaidi ya nusu ya asilimia moja. Nchi kavu maneno hayo yalieleweka. Baharini hayakueleweka hata kidogo. Wakati huo serikali ya Marekani yenyewe ilikuwa tajiri mkubwa wa meli. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ilizitwaa meli za Wajerumani zilizokuwa zimekwama katika bandari zake, na baada ya vita Bodi ya Meli ya Marekani ilizipeleka kubeba abiria wa kwenda Ulaya. Meli hizo zikivuka maili tatu za maji ya nchi, baa zilifunguliwa.

Aliyelianika jambo hili hadharani alikuwa mtengeneza bia. August A. Busch wa St. Louis, mkuu wa kiwanda cha Anheuser-Busch, alikuwa amezuiwa kuuza bia yake nchini mwake, akawa anauza kinywaji kisicho na kilevi kiitwacho Bevo. Mwaka 1922 alisafiri kwenda Ulaya kwa meli iitwayo George Washington, ile ile iliyompeleka Rais Wilson kwenye mkutano wa amani mwishoni mwa 1918. Humo melini, mali ya serikali, akaona pombe inauzwa waziwazi. Fikiria moyo wa mtu huyo! Mapipa yake yamekauka kwa amri ya serikali, na serikali hiyo hiyo inamwekea bilauri mezani na kumtoza pesa. Alieleza aliyoyaona kwa barua, malalamiko yakamfikia Rais Harding, na magazeti yakayachapisha. Mwenyekiti wa Bodi, Albert Lasker, mtu wa matangazo ya biashara kutoka Chicago, hakukana. Alijibu kwamba bila baa meli za Marekani hazitaweza kushindana na za Waingereza, kisha akamgeukia Busch na kumsema kwa asili yake ya Kijerumani.

Hoja ya Lasker kuhusu biashara ilikuwa ya kweli, lakini kisiasa haikusimama. Tarehe 6 Oktoba 1922 Mwanasheria Mkuu Harry Daugherty alitoa maoni kwamba meli ya Marekani ni Marekani popote iendapo, kwa hiyo pombe ni haramu ndani yake hata katikati ya Atlantiki. Na kwamba meli ya kigeni haina ruhusa kuingia katika maji ya Marekani na pombe yoyote, iwe imefungwa au haikufungwa. Harding akaamuru baa za meli za Marekani zifungwe.

Kampuni za meli zilikwenda mahakamani, zikiongozwa na Cunard, kampuni ya Uingereza yenye meli ya Berengaria. Hukumu ya Mahakama ya Juu ilitoka tarehe 30 Aprili 1923, na inastahili kusomwa taratibu kwa sababu iliwapa watu wa pande zote mbili kitu ambacho hawakukitarajia. Majaji walio wengi walisema sheria inafanya kazi katika nchi na maji yake, si nje ya hapo. Kwa hiyo meli ya Marekani ikiwa bahari kuu haikukatazwa pombe, Daugherty alikosea. Ila meli ya kigeni ikiwa katika maji ya Marekani imekatazwa kabisa, hata kama stoo yake imepigwa lakiri. Hapo Daugherty alikuwa sahihi. Cunard, iliyofungua kesi, ndiyo iliyoumia, na miezi miwili baadaye lakiri ya Berengaria ikavunjwa. Nazo meli za Marekani, zilizofunguliwa mlango na majaji, serikali yake ilikataa zisiupite. Zilibaki kavu kwa uamuzi wa siasa.

Na hapa ndipo abiria na sanduku lake anapoingia katika habari hii.

Tarehe 4 Julai 1923, siku ya uhuru wa Marekani, meli kubwa kuliko zote za nchi hiyo ilianza safari kutoka New York kwenda Cherbourg na Southampton. Iliitwa Leviathan. Ilizaliwa Hamburg kwa jina la Vaterland, ikatwaliwa mwaka 1917, ikabeba askari zaidi ya 100,000 wakati wa vita, kisha ikakarabatiwa upya chini ya mhandisi William Francis Gibbs. Ilikuwa na kila kitu ambacho tajiri wa wakati ule angekitamani, isipokuwa baa. Barafu ilikuwepo, bilauri zilikuwepo, maji ya soda yalikuwepo. Kilichokosekana ni chupa, na chupa ilitoka katika sanduku la abiria. Aliyeondoka New York aliipata kwa wauzaji wa magendo mjini, hivyo alikuwa amekwishavunja sheria kabla hajakanyaga ngazi ya meli. Aliyerudi kutoka Ulaya aliinunua dukani Southampton au Cherbourg mchana kweupe, akawa na siku chache za baharini za kuimaliza.

Vyombo vya kufichia vilikwishazoeleka nchi kavu. Ipo picha iliyopigwa Washington Januari 1922 ya mwanamke aliyeinama akilisukuma bapa ndani ya buti lake refu. Picha tulivu, mtu anafanya jambo lake kama anayefunga kamba za kiatu. Walikuwepo wenye bakora zilizotobolewa ndani zikawa mirija ya pombe. Bapa lenyewe, lile la bati lililopinda kidogo lifuate mwili, lilikaa nyongani pasipo kuonekana chini ya koti.

Kuficha pombe melini kulianza zamani mno kabla ya Wamarekani. Mabaharia wa jeshi la maji la Uingereza waliokuwa wakifika visiwa vya Karibi walinunua nazi kwa wachuuzi, maji yamekwishamwagwa na ramu kujazwa mahali pake. Frederick Marryat, aliyekuwa kapteni katika jeshi hilo, aliieleza desturi hiyo katika riwaya yake Peter Simple ya 1834. Mabaharia waliiita kunyonya tumbili. Sisi wa pwani tunaomjua muuza madafu tunaweza kuiona sura ile bila shida: baharia kainua dafu, anakunywa juani mbele ya ofisa wake, na ofisa hana la kumuuliza.

Leviathan haikupata faida. Isingekuwa haki kuitupia ukavu wake lawama yote. Haikuwa na meli pacha ya kupokezana nayo safari, na sheria za uhamiaji za 1921 na 1924 zilipunguza mno abiria maskini wa Ulaya waliokuwa wakijaza daraja la chini. Lakini msafiri mwenye uwezo, akiwa na tiketi mbili mbele yake, moja ya meli ya kujibebea chupa kwa kificho na nyingine ya meli ambayo mhudumu atamletea mvinyo wa kuchagua, alijua achague ipi. Meli za Waingereza na Wafaransa zilinufaika.

Ugomvi wa lakiri ulimalizwa kwa mkataba uliotiwa saini Washington tarehe 23 Januari 1924. Uingereza ilikubali Wamarekani wasimamishe na kukagua meli zinazoshukiwa kubeba magendo hadi umbali wa mwendo wa saa moja kutoka pwani, badala ya maili tatu tu. Marekani nayo ikakubali meli za Uingereza ziingie bandarini na pombe yao, mradi imefungwa na kupigwa lakiri. Mambo yakawa hivi: meli inapokaribia New York baa zinafungwa, stoo inafungwa, nta inayeyushwa. Inapotoka tena baharini, lakiri inakatwa.

Mdororo wa uchumi ulipoanza na abiria wa Ulaya kupungua, kampuni za Uingereza ziligundua kwamba hazikuhitaji hata kufika mahali. Meli kubwa za Atlantiki zilianza kuuza safari za siku chache kutoka New York, nyingine kwenda Bermuda, Nassau au Nova Scotia, nyingine zikizunguka tu baharini na kurudi. Bahari yenyewe ndiyo iliyokuwa baa. Ninaamini mizizi ya likizo za melini za leo, zile ambazo meli yenyewe ndiyo mwisho wa safari, imo kwa kiasi kikubwa katika kiu ya miaka ile.

Gatini New York waliorudi walipangwa katika banda la forodha chini ya herufi kubwa zilizoning'inizwa, kila mtu kwa herufi ya kwanza ya jina la ukoo, wakisubiri ofisa afungue masanduku yao. Si wote waliofunguliwa. Januari 1928 mbunge wa Chicago, M. Alfred Michaelson, aliyekuwa akipigia kura sheria za kuzuia pombe, alirudi nchini kutoka Cuba kupitia Key West. Kwa heshima ya cheo chake mizigo ilipita bila kukaguliwa, ikapakiwa kwenye treni. Ilipofika Jacksonville sanduku moja lilikuwa likivuja. Maji yale yalikuwa na harufu ambayo mtu wa reli hakuweza kuikosea, na ndani zikapatikana wiski na ramu. Mbunge alishtakiwa. Mwaka 1929 mahakamani Key West shemeji yake alijitokeza akasema mizigo ni yake, na baraza la wazee wa mahakama likamwachia Michaelson huru. Watu wa kawaida walikuwa wakipoteza chupa zao gatini kila wiki, na wengine wakifungwa kwa sheria aliyoipigia kura. Hasira iliyozuka ilikuwa halali.

Marufuku iliondolewa tarehe 5 Desemba 1933, Utah ilipokuwa jimbo la 36 kukubali. Baa za meli za Marekani hazikuwa na cha kuficha tena.

Ingetarajiwa basi kwamba sanduku la abiria lingepata amani. Lilipata kwa muda. Katika safari za Atlantiki tiketi ndiyo iliyolipa gharama, na chupa ya mtu chumbani mwake haikumsumbua nahodha. Kisha ndege zikawachukua wasafiri wa Ulaya, na biashara ya likizo za melini ikakua kutoka Miami. Kampuni ya Carnival ilianza mwaka 1972 kwa meli moja iliyonunuliwa kuukuu, Mardi Gras, iliyokwama kwenye mchanga katika safari yake ya kwanza. Katika biashara hii tiketi hushushwa bei ili meli ijae, na pesa hutafutwa baada ya abiria kupanda. Mwaka 2023 shirika la Carnival lilipata takribani dola bilioni 21.6, karibu bilioni 7.5 kati ya hizo hazikutoka kwenye tiketi, bali kwenye vinywaji, kamari, matembezi ya bandarini na manunuzi mengine ya humo humo. Chupa ya abiria ikawa adui tena. Safari hii anayeitafuta ni kampuni, kwa mashine ya miale ile ile inayotafuta silaha.

Kampuni nyingi humruhusu mtu mzima chupa moja ya mvinyo ya mililita 750 siku ya kupanda. Zaidi ya hapo ni kujificha, na ufundi umerudi: vodka iliyotiwa rangi ya kijani ndani ya chupa ya dawa ya kusukutua, mifuko laini ya plastiki isiyolia inapogongana, vichupa vya mafuta ya jua, hata darubini ambazo macho yake mawili ni matangi. Mwaka 2015 Carnival iliacha kuwaruhusu abiria kupanda hata na maji ya chupa, kwa kuwa vodka na maji kwa macho ni kitu kimoja. Soda na maji ya kopo yakaruhusiwa.

Chupa inayonunuliwa bandarini njiani, ramu ya Jamaica tuseme, huchukuliwa mtu anapopanda ngazi. Inafungwa kikaratasi chenye namba ya chumba, inawekwa stoo pamoja na mamia ya wenzake. Baa zote za meli ziko wazi, usiku kucha baadhi yake. Katika kampuni nyingi, usiku wa mwisho, masanduku yakiwa yamekwishapangwa koridoni na taa za nyumbani zikiwa karibu kuonekana, mhudumu anapita mlango kwa mlango na kumrudishia kila mtu chupa yake.