Redio bandani: je, muziki huongeza maziwa?

Wafugaji wengi hutusikiliza alfajiri wakiwa bandani, ndoo mkononi, na swali lao ni lilelile: muziki unaongeza maziwa kweli?

Mwaka 2001 wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, Adrian North na Liam MacKenzie, walitangaza matokeo ya jaribio lao la wiki tisa. Muziki wa polepole, chini ya mapigo 100 kwa dakika, ulimpa kila ng'ombe wastani wa lita 0.73 zaidi kwa siku kuliko muziki wa kasi.

Kiasi hicho ni kidogo, na ukipima vibaya hukioni. Tuseme una ng'ombe watano. Bila redio wanatoa lita 6, 9, 11, 14 na 20. Redio ikiwashwa, walewale wanatoa 6.5, 9.5, 11, 14.5 na 21. Wastani umepanda kutoka 12 hadi 12.5. Mtu akitazama wastani tu atasema ni bahati, maana kati ya ng'ombe mmoja na mwingine kuna tofauti ya hadi lita 14! Nusu lita itaonekana wapi hapo?

Ndiyo maana watafiti hupanga takwimu kwa jozi: kila ng'ombe analinganishwa na yeye mwenyewe. Toa kipimo cha kwanza kwenye cha pili, unabaki na 0.5, 0.5, 0, 0.5 na 1. Wanne wameongeza, mmoja kabaki palepale, hakuna aliyepungua. Sasa swali ni moja tu: je, tofauti hizi ziko mbali na sifuri kuliko bahati inavyoweza kuzipeleka? Kwa namba hizi za mfano, jaribio la t la jozi linatoa 3.16, na kizingiti cha kawaida kwa ng'ombe watano ni 2.78. Zimevuka.

Lakini jozi haiponyi kila kitu. Ukipima wiki ya kwanza bila redio, ya pili na redio, na katikati mvua ikanyesha majani yakachipua, utaisifu redio kwa kazi ya mvua. Badilisha zamu: wiki hii iwashe, ijayo izime, urudie mara kadhaa. Mkamuaji awe yuleyule, saa zilezile, pumba kipimo kilekile. Na uandike lita za kila ng'ombe peke yake, si za ndoo nzima. Zikishachanganywa, jozi imekufa.

Tunajua tunajipigia debe vibaya, lakini wiki ya kuzima, izime kweli.