Bagamoyo: mji wa pwani na fumbo la jina lake

Mgeni aendaye kupumzika Bagamoyo, kilomita zipatazo 70 kaskazini ya Dar es Salaam, hukuta mambo mengi ya kumpendeza: mchanga mweupe, minazi, mashua zikishusha samaki, nyumba za mawe zenye milango ya nakshi na, kusini kidogo, magofu ya Kaole yenye msikiti na makaburi ya kale. Nyumba hizo zimesalia kwa sababu mji ulididimia. Wajerumani walihamishia makao yao makuu Dar es Salaam mwaka 1891, kwani maji ya Bagamoyo ni mafupi, hayafai meli kubwa.

Wageni huonyeshwa pia misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868. Ndiko Chuma, Susi na wenzao walikofikisha maiti ya Livingstone mwezi wa Februari 1874.

Lakini kinachotushughulisha hapa ni jina lenyewe. Wageni huelezwa kwamba mtumwa alipofika ufukweni alikata tamaa ya kurudi kwao, akaubwaga moyo wake. Wengine husema kinyume chake: mpagazi alibwaga mzigo, na moyo ukatua. Kuanguka kwa /w/ katika *bwaga* si tatizo. Tatizo ni kwamba kitenzi hicho chakubali maana zote mbili. Sarufi haiamui.

Tugeukie basi historia. Watumwa wengi waliopelekwa Unguja walipitia Kilwa, ingawa Bagamoyo nayo ilipitisha wake. Wapagazi wa njia ya Bagamoyo, hasa Wanyamwezi, wengi wao walikuwa watu huru wenye kulipwa ujira, nao walifika kwa maelfu kila mwaka. Kwa hiyo naelekea upande wa mpagazi: kwake mji huu ulikuwa mwisho wa miezi ya mwendo.

Hata hivyo, msomaji wa Kongo asiharakishe kufurahi. Njia hiyo ilipita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika hadi Kasongo na Nyangwe. Ndiyo iliyoleta Kiswahili Maniema. Ndiyo pia iliyochukua pembe za ndovu na mateka. Julai 1871 Livingstone alishuhudia mauaji ya mamia ya watu katika soko la Nyangwe, wengi wao wanawake. Mnyamwezi aliyelipwa nguo na mateka wa Maniema waliweza kufika ufuko uleule siku moja, kila mmoja akalisikia jina lile kwa maana yake.