Matandazo kwa bei nafuu: kalenda ya mkulima wa Nakivale na soko la Mbarara

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, bustani ndogo iliyo nyuma ya nyumba aghalabu ndiyo inayoamua kama jioni kutakuwa na mboga sufuriani. Matandazo, yaani nyasi, mabua au maganda yanayofunika udongo, huiwezesha bustani hiyo kuvuka kiangazi. Lakini bei yake hupanda na kushuka kwa majira, na anayenunua siku ya uhitaji hulipa zaidi ya aliyenunua siku ya mavuno.

Mambo muhimu

- Matandazo huwa mengi na rahisi mara tu baada ya mavuno: Juni hadi Agosti, na Januari hadi Februari.
- Ni busara kununua msimu mmoja kabla ya kuyahitaji, kisha kuyahifadhi mahali pakavu.
- Gharama ya usafiri kutoka Mbarara inaweza kumeza nafuu yote ya bei.
- Matandazo yaliyotoka katika shamba lenye ugonjwa ni ghali hata yakitolewa bure.

Kwa nini jambo hili lina uzito

Nakivale iko katika wilaya ya Isingiro, yapata kilomita 60 kutoka mji wa Mbarara. Makazi hayo yalianzishwa mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda, na leo yanahesabiwa miongoni mwa makazi makongwe zaidi ya wakimbizi barani Afrika. Wanaishi humo watu kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia na Eritrea, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha sokoni na katika mikutano.

Utaratibu wa Uganda, uliowekwa katika Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006, unamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea nchini, na familia zilizo katika makazi hupewa kipande cha ardhi. Hata hivyo, kadiri watu walivyoongezeka ndivyo vipande hivyo vilivyopungua ukubwa. Kwa upande mwingine, msaada wa chakula nao umepungua. Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilianza kuwagawa wakimbizi nchini Uganda katika makundi matatu kulingana na mahitaji yao, na walio katika kundi la tatu wakaachishwa mgao. Kwa familia iliyo katika hali hiyo, tuta la mchicha, au lengalenga kama wasemavyo Wakongo, si pambo la ua.

Tatizo ni maji. Isingiro ni sehemu ya ukanda mkavu wa wafugaji unaokatiza Uganda, na jua la Julai huukausha udongo ulio wazi kwa siku chache. Udongo uliofunikwa hupoteza maji polepole, magugu hupungua, na mvua kubwa haiuchukui. Nyasi zikioza, huongeza rutuba. Wakulima wa migomba wa Ankole wamelijua hilo tangu zamani, ndiyo maana mashamba yao ya matoke hutandazwa majani mwaka hadi mwaka.

Kalenda ya bei

Eneo hili lina misimu miwili ya mvua: wa kwanza ni kati ya Machi na Mei, na wa pili ni kati ya Septemba na Desemba. Mavuno hufuata mvua, na matandazo hufuata mavuno.

Juni na Desemba ni miezi ya maharage. Baada ya kupura, makapi na mashina hubaki uani, na wengi huyachoma. Julai, kisha Januari na Februari, ndiyo miezi ya mabua ya mahindi. Nyakati hizo jirani aliyevuna huona mzigo ule kama taka inayomzuia kulima tena, na mara nyingi huutoa kwa anayejitolea kuuondoa.

Maganda ya kahawa yana majira yake. Katika maeneo ya kusini-magharibi mwa Uganda, mavuno makubwa ya kahawa ya robusta huangukia kati ya Aprili na Agosti, na mavuno madogo huja mwishoni mwa mwaka. Kahawa iliyokaushwa pamoja na ganda lake, ijulikanayo nchini Uganda kwa jina la kiboko, hupelekwa viwandani kukobolewa. Mashine zikifanya kazi mchana na usiku, maganda hurundikana, na mwenye kiwanda hutaka nafasi yake. Huo ndio wakati wa kuulizia bei. Mashine zikinyamaza, rundo hupungua na bei hupanda.

Hapa pana kitendawili. Matandazo hufaa kutandazwa udongo ungali na unyevu, yaani mvua zinapoendelea au zinapoelekea ukingoni. Nyasi zikitandazwa juu ya udongo uliokwisha kukauka, huzuia hata manyunyu machache yasiufikie. Lakini miezi ya bei nafuu ni miezi mikavu. Basi anayetaka kunufaika hununua Julai na kutandaza Oktoba au Novemba, ili kiangazi cha Januari kikute bustani imekwisha kufunikwa. Vivyo hivyo, mabua ya Februari huwekwa kwa ajili ya Aprili na Mei.

Kuhifadhi si kazi ngumu. Rundo huinuliwa juu ya mawe au miti ili mchwa wasilifikie kwa urahisi, na hufunikwa kwa turubai kuukuu au majani ya migomba. Liwekwe mbali na jiko na nyumba, kwa kuwa nyasi kavu hushika moto upesi, na penye rundo nyoka na panya hupenda kujificha.

Soko la Mbarara

Mbarara, iliyopewa hadhi ya jiji mwezi Julai mwaka 2020, ndiyo kitovu cha biashara cha Ankole. Humo na katika miji jirani mna viwanda vya kukoboa kahawa, karakana za mbao na wafugaji wengi wa kuku.

Maganda ya kahawa ndiyo yanayotafutwa zaidi, kwa sababu yana potasiamu, madini yanayohitajiwa sana na migomba. Lakini mkulima hashindani na wakulima wenzake pekee. Wachomaji wa matofali huyatumia kama kuni, wafugaji huyatandika katika mabanda ya kuku, na kiwanda cha saruji cha Hima, kilichoko Kasese, kimewahi kuyatumia kama nishati. Ushindani huo ndio unaofanya bei ibadilike haraka.

Njia moja ya kukwepa ushindani huo ni kununua maganda yaliyokwisha kutumika bandani. Mfugaji hulazimika kuyaondoa kila anapouza kundi la kuku, nayo huwa yamechanganyika na samadi. Yasitumiwe yangali mabichi, kwa sababu huunguza mimea na yanaweza kuwa na vijidudu vya maradhi. Yarundikwe na kugeuzwa kwa miezi kadhaa mpaka yapoe na harufu kali iishe.

Unga wa mbao hupatikana kwa bei ya chini karibu mwaka mzima. Huo hufaa kwa njia za kupitia kati ya matuta. Ukichanganywa na udongo, vijidudu vinavyouozesha hunyonya naitrojeni ambayo mboga ingeitumia, na majani yake hugeuka manjano.

Hesabu kabla ya safari

Tuta lenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 5, likifunikwa kwa unene wa sentimita 5, huhitaji robo ya mita ya ujazo, ambayo ni karibu magunia 2 makubwa yale yanayobeba kilo 100 za mahindi. Matuta 10 huhitaji takriban magunia 18.

Tuchukue mfano wa hesabu tu, si bei za sokoni. Gunia likiuzwa shilingi 2,000 wakati wa kukoboa na shilingi 4,000 wakati wa uhaba, magunia 18 yatagharimu shilingi 36,000 au 72,000. Mnunuzi wa kwanza akikodi gari peke yake kwa shilingi 100,000, atakuwa ametumia shilingi 136,000. Wa pili aliyenunua kwa bei ya juu, lakini akachangia gari na wenzake kwa shilingi 1,500 kwa gunia, atakuwa ametumia shilingi 99,000. Nafuu ya msimu imemezwa na barabara. Anayeunganisha mambo yote mawili, msimu na gari la pamoja, atatumia shilingi 63,000.

Kwa hiyo kikundi cha akiba au cha wakulima huwa na nguvu kuliko mtu mmoja. Malori yanayokwenda Isingiro kuchukua matoke na mahindi aghalabu huondoka mjini yakiwa matupu, na dereva anayerudi na mzigo wa uhakika anaweza kukubali kubeba magunia mepesi kwa malipo madogo. Mapatano hayo yafanywe kabla ya kununua. Ni vyema pia gunia lifunguliwe na kupekuliwa: maganda yaliyoloa huongeza uzito, na yaliyochanganywa na mchanga hupunguza thamani.

Vya bure na mipaka yake

Kabla ya kutoa hata shilingi, mkulima aangalie kilicho karibu. Majani makavu ya migomba, mashina ya maharage, magugu yaliyong'olewa kabla ya kutoa mbegu, na nyasi za kando ya njia hutosha matuta machache. Majani ya tembo yakipandwa mpakani mwa kiwanja hukatwa mara kadhaa kwa mwaka, na mizizi yake huzuia mmomonyoko.

Hata hivyo, si kila nyasi isiyo na uzio haina mwenyewe. Nyasi za malisho ni chakula cha ng'ombe wa wenyeji, na kuzikata bila ruhusa kumewahi kuwa chanzo cha ugomvi mahali pengi penye wakimbizi na wafugaji. Nayo mafunjo ya ukingo wa ziwa Nakivale ni sehemu ya ardhioevu ya Mburo-Nakivale, iliyotambuliwa mwaka 2006 chini ya Mkataba wa Ramsar, na sheria za mazingira za Uganda hulinda kingo za maziwa. Anayetaka kukata nyasi nje ya kiwanja chake azungumze kwanza na baraza la wakimbizi la kijiji chake, RWC, na mwenyekiti wa LC wa wenyeji.

Rahisi inayoweza kuwa ghali

Mnyauko bakteria wa migomba uliripotiwa nchini Uganda mwaka 2001 na umekwisha kuangamiza mashamba mengi. Majani au mashina kutoka katika shamba lenye ugonjwa huo yasiletwe nyumbani, na panga lililotumika humo lisafishwe kwa dawa au lipitishwe motoni. Mnyauko wa kahawa nao huenezwa na mabaki ya miti iliyougua, hivyo mwenye mibuni aulize maganda yalikotoka.

Kwenye migomba, matandazo yaachwe mbali na shina, angalau nusu mita, kwa sababu fukusi hupenda kujificha na kutaga mahali penye giza na unyevu. Nyasi zenye mizizi ya kutambaa, zile ambazo Waganda huziita olumbugu, zikaushwe juani mpaka zife kabisa, la sivyo mkulima atakuwa amepanda gugu kwa mkono wake mwenyewe. Nyasi zilizonyunyiziwa dawa ya kuua magugu zisitumiwe katika mboga.

Fedha za jamaa walio mbali

Familia nyingi za Nakivale zina ndugu Kampala, Nairobi, Ulaya, Marekani au Australia, na baadhi ya fedha za bustani hutoka kwao. Mara nyingi fedha hizo huombwa na kutumwa mimea inapokwisha kunyauka, wakati ambapo kila kitu ni ghali na udongo umekwisha kuwa mkavu. Kiasi kilekile kikitumwa mwishoni mwa Juni, au mara baada ya sikukuu za mwisho wa mwaka, hununua magunia mengi zaidi na huacha muda wa kutafuta gari la pamoja. Anayetuma na anayepokea wakikubaliana kalenda mapema, hakuna anayelazimika kutoa zaidi.

Kwa mwenye shaka, jaribio dogo linatosha: matuta mawili ya mboga moja, moja lifunikwe na jingine liachwe wazi, na madumu ya maji yanayotumika kwa kila tuta yahesabiwe kwa mwezi mmoja wa kiangazi. Jibu litaonekana katika idadi ya safari za kwenda kuchota maji, safari ambazo katika nyumba nyingi hufanywa na wanawake na watoto.